Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Umeme: Kwenye Ramani Yenu Sisi ni Kijani

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya nishati,
na Waheshimiwa wote mnaosimamia usambazaji wa umeme vijijini.

YAH: KITONGOJI KUHESABIWA KINA UMEME ILHALI HAKINA

Waheshimiwa, shikamooni.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua ya kiserikali, na ndivyo nilivyozianza barua nne zilizoitangulia hii. Ya kwanza ilipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ya pili kwa mtendaji wa kijiji. Ya tatu niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi moja ya wilaya, ikagongwa muhuri wa kupokelewa nami nikabaki na nakala yangu, ninayo hadi leo. Ya nne niliikabidhi mkononi kwa mtu aliyeniahidi kwamba ingefika juu. Sijajibiwa hata moja kwa maandishi.

Jibu pekee nililopata ni la mdomo. Kijana mmoja pale ofisini, mwenye adabu zake, aligeuza kompyuta yake ili nione ramani. "Mama, kijiji chenu hiki hapa. Ni kijani. Kijani maana yake kina umeme." Nikaweka kidole pembeni kidogo ya ile alama, mahali kilipo kitongoji chetu, nikamwambia, mwanangu, hapa ni giza. Akatazama, akasema taratibu, "Mfumo hauonyeshi vitongoji, mama."

Simlaumu. Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike mbele ya watu wote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokamua mawese, upande wa Simbo, Wilaya ya Kigoma. Tuko ishirini na wawili. Tunanunua mikungu ya chikichi, tunapukuchua, tunachemsha kwenye mapipa, tunakamua, na mise, yaani kokwa za chikichi, tunazianika tuuze kando. Siandiki kama mtaalamu wa umeme. Naandika kama mtu anayelipia giza kila siku, na ambaye daftari lake la matumizi linaonyesha analilipia ghali.

Kwanza niseme yaliyofanyika, maana sisi si watu wa kukana mema. Kigoma ni mwisho wa reli, na reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1914. Umeme wa gridi ulianza kuingia mkoani kupitia Nyakanazi Oktoba 2022, miaka 108 baadaye. Kwa miaka mingi mkoa huu uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kuvuka nchi nzima ili itufikie. Majenereta yalipoanza kuzimwa tulishangilia, tena kwa vigelegele. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilipoanza kufua umeme, tulishangilia pia. Lakini wazee wa huku, ambao minazi hawana ila michikichi wanayo, wanaujua msemo wa mgema akisifiwa. Nadhani tumesifu kiasi cha kutosha, sasa tuangalie tembo lenyewe.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hesabu yenu inahesabu jina, haihesabu watu.

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Sina sababu ya kubisha. Nguzo zilifika kijijini kwetu kweli: zikapita shuleni, zikapita ofisi ya kijiji, zikafika madukani, zikaishia hapo. Kijiji chetu kina vitongoji sita. Vyenye umeme ni kimoja na nusu. Hiyo nusu si mzaha, waya ulisimama katikati ya kitongoji, na mpaka leo kuna nyumba mbili zinazotazamana, moja ina taa na nyingine ina koroboi.

Bara hiyohiyo ina vitongoji 64,359. Hapo ndipo watu wanapolala, wanapopika na wanapojifungulia. Hakuna mtu anayelala "kijijini". Mmekwisha kuliona hili wenyewe, ndiyo maana ukaja mpango wa kupeleka umeme vitongoji 15 kwa kila jimbo. Ni mpango mzuri. Tunachouliza ni hiki: hivyo 15 vilichaguliwaje? Kwa idadi ya watu? Kwa umbali kutoka kwenye transfoma? Kwa nani anafahamiana na nani? Orodha hatujaiona ikibandikwa popote. Tulisikia vitongoji vilivyopata kama mtu anavyosikia matokeo ya mpira wa timu za mbali.

2. Asiye na umeme ndiye anayenunua umeme kwa bei kubwa kuliko wote.

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Kuchaji simu kwetu ni shilingi 300. Unaipeleka kwenye kibanda chenye sola, unapewa kipande cha karatasi chenye namba, unarudi jioni. Fundi redio mmoja wa Mwandiga alinipigia hesabu nyuma ya bahasha. Uniti moja ya umeme, akasema, inatosha kuchaji simu janja kama hii yako mara hamsini hivi. Nikazidisha mwenyewe: hamsini mara 300 ni shilingi 15,000. Kwa uniti moja.

Mwananchi mwenye mita ya LUKU kwenye kundi la matumizi madogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka kodi na tozo zake inazidi 120 kidogo. Kwa hiyo mama anayemenya chikichi kwa kisu hapa Simbo ananunua uniti ileile kwa zaidi ya mara mia moja ya bei hiyo. Na wenye simu za kitochi wana hali mbaya zaidi, maana betri yao ni ndogo na bei ni ileile 300.

Simlaumu mwenye kibanda. Amenunua sola kwa mkopo, betri yake inakufa, naye ana watoto. Ninachosema ni kwamba punguzo la shilingi 100 liliwekwa kwa ajili ya maskini, na maskini wenyewe hawajalifikia, kwa sababu mlango wake ni mita. Asiye na mita, ruzuku hiyo anaisikia redioni, tena redio ya betri.

Mashine yetu ya kukamua inazungushwa kwa injini ya dizeli. Bei kikomo za mafuta hutangazwa kila mwezi, na mwenye kuzisoma anajua Kigoma tunakaa upande gani wa jedwali: tuko mbali na bandari, kwa hiyo tunalipa safari yote. Kila dizeli ikipanda tunafanya moja kati ya mawili. Ama tunakamua kidogo, ama tunarudi kwenye kukamua kwa mikono, watu wanne wanazunguka mti kama ng'ombe wa kinu. Mnunuzi wa mawese hatuulizi dumu lilikamuliwa kwa dizeli au kwa jasho. Anaujua mji wenye mashine za umeme, anajua bei ya huko, na anatupa hiyohiyo au anaondoka.

Kuna na hizi sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Zimesaidia, sitakataa, mwanangu alisomea kidato cha nne kwa taa mojawapo. Lakini ukijumlisha ulicholipa mpaka mwisho, bei inakuwa imeiacha mbali ile ya kulipa taslimu, na wiki ukikosa, taa inazimwa kutoka mbali na mtu usiyemjua. Na haizungushi mashine.

3. Umeme uliofika ni wa njia moja.

Hata pale penye nguzo, sehemu kubwa waya ni wa njia moja. Unawasha taa, redio, friji ndogo ya soda. Mashine ya kukamua au ya kusaga ya maana inataka njia tatu. Tumewaona vijana wawili waliouza ng'ombe wakanunua mota, wakaja kuambiwa kwamba laini iliyopo haiwezi kuibeba. Mota iko ndani ya nyumba, imefunikwa kanga.

Tangu mwaka 2018 viongozi wakuu wa nchi wamekuwa wakija Kigoma kuhimiza michikichi. Miche ya kisasa imegawiwa, watu wamepanda, mingine imeanza kuzaa. Nani alikaa na mwenzake wa nishati akamuuliza mikungu hiyo itakamuliwa kwa nini?

4. Mpaka wa mji unapita juu ya shamba la mihogo.

Hili si langu, ni la mdogo wangu aliyeolewa Kasulu. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, mbele muhogo, nyuma muhogo. Kwa kuwa eneo hilo kwenye karatasi ni mtaa wa mji, aliambiwa kuvuta umeme ni shilingi 320,960. Angekuwa kijijini ingekuwa 27,000. Ni karibu mara kumi na mbili, na tofauti ni mstari uliochorwa na mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga hapo. Mumewe alimwambia, bora wangetuacha kijiji.

5. Mmetukataza kuni, sawa, tupikie nini?

Nimeusoma Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024. Unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Na kabla yake lilikuja katazo: taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 iache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Tarehe hiyo ilipita. Shule ninayoifahamu mimi, uji wa watoto unapikwa juu ya mafiga matatu, na kila mtoto anakuja na ukuni wake kwapani. Mwalimu anajua kuna katazo. Sufuria haijui.

Mimi mwenyewe macho yangu yamekwisha kwa moshi. Kuchemsha chikichi pipa moja ni saa tatu, wakati mwingine nne, na kuni za hapo hazitoki karibu tena. Miaka ya mama yangu zilikuwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo msidhani tunatetea kuni.

Ila tuambiane ukweli kuhusu gesi. Mitungi ya kilo 6 ya ruzuku iligawiwa kwa mpango wa mitungi 3,255 kila wilaya, kwa nusu ya bei. Aliyepata alishukuru. Mtungi ulipokwisha ndipo hadithi ilipoanza: kuujaza ni bei kamili, wakala yuko mjini, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi inakula hela ya dagaa wa wiki. Mitungi mingi kwetu sasa inakaliwa kama vigoda. Watu wanadhani gesi hii inatoka Songo Songo au Mnazi Bay, wanasema ni ya kwetu, itashuka bei. Ile ni gesi asilia, ya bomba. Ya mtungi inaingia kwa meli kutoka nje, inashushwa pwani, kisha inaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kuja mwisho wa reli. Nchi inafua umeme wake yenyewe kwa maji ya Rufiji, halafu inamwambia mama wa Kigoma apikie gesi ya kuagiza. Kama ingekuwa mimi, ningeanza na waya, jiko la umeme lingefuata lenyewe.

6. Vinavyoletwa haviachiwi mlezi.

Mwaka 2008 Marekani kupitia shirika lake la MCC ilisaini na nchi yetu mkataba wa dola milioni 698. Ndani yake ulikuwemo mtambo wa megawati 8 kwenye maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Wataalamu wa mazingira wakakuta viumbe adimu kwenye maji yale, mtambo ukaachwa, na sehemu ya fedha ikageuzwa kuwa sola za shule, zahanati na masoko ya mkoa huu. Uamuzi wa kulinda viumbe siugombi. Nagomba kilichofuata. Paneli ya sola inaishi miaka mingi, betri haiishi. Mahali ninapopajua mimi betri zilikufa, paneli zikabaki juu ya paa kama vioo, na nesi akarudi kuzalisha kwa tochi ya simu. Ile simu ya kuchaji kwa 300.

Sasa Malagarasi imerudi kwa sura nyingine: megawati 49.5, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2020. Mkopo huu tutaulipa sote, na wa kitongoji cha giza yumo. Haki ya kuuliza nani atawashiwa kwanza tunayo.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, nimeshayasikia.

Mtasema fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, na hakuna aliyesema mtuwashie wote kesho. Lakini kubandika orodha ukutani kunahitaji karatasi na gundi.

Mtasema mkandarasi bado yuko kazini. Mkandarasi wa kwetu alipakia nyaya zilizobaki kwenye lori tukimtazama, na tangu hapo hatujamwona. Kama kazi bado, basi kijiji kisipakwe kijani.

Mtasema minara mikubwa inayotoka Nyakanazi, kilomita 280, imekwisha kufika Kidahwe, jirani yetu kabisa. Imefika, tunaiona. Na nimeshaeleweshwa kwamba waya wa kilovolti 400 haushushwi nyumbani kama bomba la maji, ni mpaka upitie kituo cha kupoza, halafu laini ndogo, halafu transfoma. Sawa. Hizo hatua tatu za mwisho ndizo tunazoziulizia, maana ndizo zinazokosa wa kuja kuzizindua.

Na wapo watakaosema barua kama hii ni ya siasa. Sina kadi ya kugombea chochote. Nina daftari la dizeli.

Tunaomba haya. Orodha ya vitongoji vyote vya kila kijiji, chenye umeme na kisicho nao, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji pamoja na mwaka ambao kila kimoja kimepangiwa. Mwaka ukibadilika, sababu iandikwe pembeni. Kijiji kisihesabiwe kimefikiwa mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukae, uulizwe, na muhtasari wake usainiwe. Mkandarasi alipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake akiwa na muhtasari huo mkononi. Penye mashine za kukamua na kusaga, laini iwe ya njia tatu tangu siku ya kwanza. Gharama ya kuunganishwa iangalie nyumba ilivyo, isiangalie mpaka wa mji. Zahanati na shule zenye sola ziwekewe fungu la betri kwenye bajeti ya halmashauri. Na kwa sisi ambao zamu yetu iko mbali, tupewe angalau sola ya pamoja inayoweza kuzungusha mashine moja, tuilipie kwa uniti, kwa bei inayofanana na ya wenzetu.

Mkisema mnaweza moja tu, basi liwe la kwanza. Mtu akijua zamu yake ni mwaka fulani anaweza kungoja, hata miaka mitatu. Anaweza pia kupanga: asinunue injini nyingine, asiuze ng'ombe kununua mota.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60. Kikundi chetu kinakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na barua yoyote itakayokuja itasomwa mbele ya wote, iwe ya kukubali au ya kukataa. Mkipenda kuja wenyewe, karibuni sana, ila tunaomba msije mchana. Njooni baada ya swala ya isha, bila kutangaza, mzime taa za gari pale nguzo ya mwisho inapoishia. Hakuna kibao wala namba ya nyumba. Fuateni harufu ya mawese, mtatukuta.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha akina mama wakamuaji wa mawese, Simbo, Kigoma.
(Jina langu mnalo, limo kwenye barua nne zilizotangulia.)

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji.